Mkalimani, Mfasiri na Mwongo

Panda matatu yoyote ya jioni kutoka tao, halafu uangalie simu za vijana waliokaa nyuma. Hutakosa mmoja anayecheza mpira wa PSP. PSP yenyewe hana, na pengine hajawahi kuigusa. Sony waliitoa Japani mwaka 2004, wakati wengi wetu tulikuwa nasari au hatujazaliwa. Alicho nacho ni simu ya elfu kumi na kitu, na programu inayoitwa PPSSPP inayoifanya hiyo simu ijifanye PSP. Gemu yenyewe haijui. Inauliza kama kitufe cha pembetatu kimebonyezwa, simu inajibu ndiyo. Inaomba memori, inapewa. Inaishi maisha yake yote ndani ya mashine ambayo haipo.

Programu ya aina hii huitwa emuleta. Mwaka jana niliamua kuandika yangu. Si ya PSP, hapo ningejiua bure. Nilichagua mashine ya zamani ya Nintendo, NES, iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ambayo feki zake ndizo tulizokuwa tunaita TV game mtaani. Nilidhani maswali yangu mawili ya kwanza yalikuwa ya kifundi tu: niandike kwa lugha gani ya programu, na niziendeshe vipi zile amri za mashine ya zamani? Imenichukua miezi kuona kwamba yote mawili ni maswali ya maadili, na kwamba yalinihusu mimi kuliko yalivyoihusu Nintendo.

Wacha nianze na njia za kuendesha, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoonekana wazi.

Kama umekulia kanisa la mtaani, unajua hii picha. Mhubiri mgeni amekuja na anahubiri kwa Kiingereza. Kando yake amesimama mkalimani. Mhubiri anasema sentensi moja, ananyamaza. Mkalimani anaisema kwa Kiswahili, ananyamaza. Hivyo ndivyo emuleta rahisi zaidi inavyofanya kazi. Inasoma amri moja ya mashine ya zamani, inaielewa, inaitekeleza, inaenda kwa inayofuata. Ni njia ya wazi na rahisi kukagua. Lakini ni polepole, kwa sababu mhubiri akirudia neno lilelile mara arobaini, mkalimani atalitafsiri upya mara arobaini.

Njia ya pili ni ya mkalimani mjanja. Akiona kuna kipande kinachorudiwa, anakiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, na kikija tena anakisoma mbio bila kufikiria. Wenyewe huita njia hii JIT, yaani kutafsiri papo kwa papo na kuhifadhi. Ndiyo inayofanya PPSSPP iwezekane kwenye simu zetu: PSP ilitumia prosesa ya aina ya MIPS inayofika megahezi 333, na simu yako inatumia ARM, kwa hivyo vipande vya amri za MIPS vinageuzwa kuwa vipande vya ARM na kuwekwa tayari. Hatari yake iko hapa: je, mhubiri akibadilisha mahubiri katikati? Kuna programu zinazoandika amri mpya juu ya amri za zamani kwenye memori. Mkalimani asipogundua na kurarua karatasi yake, ataendelea kusoma kwa ufasaha maneno ambayo hakuna mtu ameyasema.

Njia ya tatu ni ya mfasiri: chukua mahubiri yote kabla ya Jumapili, yatafsiri yote, siku ikifika soma tu. Apple walifanya hivyo mwaka 2020 walipohamisha kompyuta zao kutoka prosesa za Intel kwenda zao wenyewe. Programu yao ya Rosetta 2 hutafsiri programu nzima kabla haijaanza. Lakini hata wao walilazimika kuacha mlango wa njia ya pili, kwa sababu kuna programu zinazotunga amri zikiwa tayari zinakimbia. Kwa gemu za zamani ni mbaya zaidi. Ndani ya kaseti, amri na picha na muziki zote ni namba, hazina alama ya kuzitenganisha. Mfasiri hawezi kujua kwa hakika kipi ni neno na kipi ni mchoro mpaka mhubiri afike hapo.

Halafu kuna njia ya nne, ambayo ni ya mtu asiyetafsiri kabisa. Anamtazama mhubiri, anaelewa kwamba amefika kwa sadaka, anawaambia watu watoe sadaka. Januari 1999 ilitoka emuleta moja iliyoitwa UltraHLE, ikacheza gemu za Nintendo 64 kwenye kompyuta za kawaida wakati mashine yenyewe ilikuwa bado inauzwa madukani. Watu walishangaa sana. Siri yake ilikuwa kwamba haikujaribu kuiga kila kiungo cha ile mashine. Ilitambua gemu inataka nini, mathalani kuchora umbo fulani, ikalichora kwa njia yake. Matokeo yalikuwa sawa, ingawa ndani hapakuwa na Nintendo 64. Ilifanya vizuri kwa gemu chache ambazo wenyewe walizijua. Kwa nyingine ilikwama.

Kumbuka huyu wa nne. Nitamrudia.

Sasa lugha. Nilianza na Python kwa sababu ndiyo ninayoijua. Prosesa ya NES hukimbia kwa megahezi 1.79, ambazo ukizisikia leo unaona ni mzaha. Lakini kipande chake cha kuchora picha hupiga hatua zaidi ya milioni 5 kila sekunde, na skrini hubadilika mara 60. Emuleta yangu ya Python, kwenye laptopu yangu ya memori gigabaiti 4, ilitoa fremu tatu kwa sekunde. Gemu ilikuwa sahihi. Ilikuwa pia kama kutazama mtu akitembea ndani ya uji.

Nikamwonyesha rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye hosteli, yeye alimaliza chuo na sasa anaandika programu kama kazi. Akacheka.

"Buda, hii si NES."

"Kila amri iko sawa. Nimeangalia."

"Iko sawa lakini imechelewa. Gemu ni muda, mse. Ukiruka na usianguke mpaka kesho, hiyo ni gemu ingine."

Alikuwa amenishika. Nilikuwa nimejiambia kwamba polepole ni bei ya uaminifu, kumbe muda wenyewe ni sehemu ya kitu ninachokiiga. Sikuwa mwaminifu zaidi, nilikuwa nimechagua tu sehemu ya ukweli iliyo rahisi kwangu.

Hii ni hoja kubwa kuliko inavyoonekana, na kuna emuleta mbili zilizowahi kuibishania kwa msimbo, kila moja upande wake. Mwaka 1997 ilitoka ZSNES, emuleta ya Super Nintendo. Iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa asembli, yaani lugha inayoongea na prosesa ana kwa ana, kwa sababu kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu na hakukuwa na njia nyingine ya kupata kasi. Ilikata kona nyingi. Miaka michache baadaye akaja jamaa aliyejulikana mtandaoni kama byuu, akaandika bsnes kwa C++ na lengo moja: kila kitu kiwe kama kilivyokuwa kwenye mashine ya kweli, hata kama hakuna mtu atakiona. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba kwa uaminifu wa namna hiyo unahitaji kompyuta ya gigahezi 3, kuiga mashine ambayo prosesa yake haifiki hata megahezi 4.

Niliposoma hayo nilikasirika kidogo. Gigahezi 3 za nani? Ni rahisi kuhubiri uaminifu ukiwa na mashine ya kuubeba. ZSNES ilimpa mtoto mwenye kompyuta mbovu gemu inayochezeka. Bsnes ilimpa ukweli ambao hangeweza kuufungua. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa msimamo wangu: emuleta yenye haki ni ile inayomfikia mwenye kifaa cha bei ya chini, na makosa kidogo ni ushuru tunaolipa ili tuingie.

Kilichonibadilisha ni hadithi ya wafasiri. Kuna watu wa kujitolea waliokuwa wanatafsiri gemu za Super Nintendo kutoka Kijapani kwenda Kiingereza. Wengi walijaribu kazi yao kwenye ZSNES tu. Sasa, mashine ya kweli hukataa kuandikiwa memori ya picha wakati inachora. ZSNES ilikuwa inaruhusu. Kwa hivyo tafsiri zao zilienda vizuri kabisa kwenye ZSNES, na zikiwekwa kwenye Super Nintendo yenyewe, maneno yanaharibika. Walikuwa wamefanya kazi ya miezi juu ya mashine ambayo haikuwahi kuwepo. Hawakuwa wazembe. Waliamini tu kile walichoonyeshwa. Baada ya hapo, mtu akitengeneza emuleta ya ukweli, watu wanamwambia emuleta yako ni mbovu, mbona kwa ile ingine inafanya?

Hapo nikaanza kujisikia vibaya, na si kwa sababu ya Nintendo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja, kichwa changu kilikuwa sababu nyingine. Tangu hapo nimekula kwa kuandika, na kwa miaka mitatu sehemu kubwa ya hayo maandishi ilikuwa insha za wanafunzi wa ng'ambo. Wasomaji wa hapa wanaijua hii kazi. Kama huifanyi wewe, anaifanya jirani yako, ndiyo maana taa yake haizimwi usiku. Unapewa mada, idadi ya kurasa na saa ya mwisho. Unalipwa kwa ukurasa. Mimi, ambaye sina digrii, nimepata alama nzuri katika biashara, historia, saikolojia na uuguzi.

Ilikuwa kazi ya yule mtu wa nne. Sikuwa nauguza mtu wala kuelewa uuguzi. Nilijua mwalimu anatafuta nini kwenye ukurasa, nikakichora. Matokeo yalikuwa sawa, ingawa ndani hapakuwa na mwanafunzi.

Kuna mteja mmoja ambaye hajanitoka akilini. Alikuwa anasomea uuguzi, na aliniandikia ombi dogo: niweke makosa mawili matatu ya sarufi, maana mwalimu anajua Kiingereza chake. Nikaweka. Niliyachagua kwa uangalifu, yafanane na yale aliyoyafanya kwenye ujumbe wake. Nilijivunia hata. Leo pengine amesimama kando ya kitanda cha mtu, na kuna kitu ambacho karatasi zake zinasema anakijua.

Wakati naandika emuleta nilikutana na jambo linalofanana na hilo kiasi cha kunitisha. Prosesa ya NES imetokana na 6502 ya mwaka 1975, na 6502 ina kasoro maarufu. Memori yake imegawanywa kurasa za baiti 256. Kuna amri ya kuruka inayosoma anwani yake kutoka memori, baiti mbili. Ikitokea baiti ya kwanza iko mwisho kabisa wa ukurasa, prosesa haiendi ukurasa unaofuata kuchukua ya pili. Inarudi mwanzo wa ukurasa uleule. Ni kosa la wazi la waliobuni. Na emuleta ya kweli lazima ilifanye hilo kosa, vilevile, mahali palepale. Ukilirekebisha, umeandika mashine bora ambayo si NES.

Kwa hivyo nilikaa usiku mmoja nikiandika kosa kwa makusudi, kwa uangalifu, lifanane na la mwenyewe. Nikajiuliza: tofauti ni nini? Mbona hili ni uaminifu, na yale makosa ya sarufi yalikuwa uongo?

Rafiki yangu nilipomuuliza alisema hakuna tofauti, kila mtu anaiga, hata mtoto anajifunza kuongea kwa kuiga. Sikubaliani. Jibu la kwanza nililopata ni kuuliza nani anadanganywa. Emuleta inaidanganya gemu, na gemu haina haki ya kuambiwa ukweli, ni namba tu kwenye faili. Mchezaji hadanganywi, yule kijana kwenye matatu anajua ana simu. Mwaka 1936, kabla hata kompyuta tunazozijua hazijajengwa, Alan Turing alionyesha kwamba mashine moja inaweza kuiga nyingine yoyote ikipewa maelezo yake. Kuiga si aibu ya kompyuta, ndiko kunakoifanya iwe kompyuta. Lakini kwenye insha zangu, aliyedanganywa ni mwalimu, na baada yake mwajiri, na baada yake mgonjwa. Hao wote wana haki ya kujua nani anaongea.

Jibu hilo ni zuri lakini halitoshi, kwa sababu ya wale wafasiri. ZSNES haikumficha mtu kwamba ni emuleta. Jina lilikuwa juu ya mlango. Na bado watu waliumia, kwa sababu hawakujua imekata kona *wapi*. Kusema "mimi ni nakala" ni nusu ya deni tu. Nusu ya pili ni kusema nakala hii inatofautiana na asili mahali gani, ili anayejenga juu yake ajue asiegemee ukuta upi.

Hapo hasira yangu kuhusu gigahezi 3 ilipata mahali pa kukaa. Si dhambi kukata kona kwa ajili ya mwenye simu dhaifu. PPSSPP inakata: haiigi mfumo mzima wa ndani wa PSP, sehemu nyingi inazijibu yenyewe. Lakini ukiingia kwenye mipangilio, njia za kuongeza kasi zimeorodheshwa, na nyingine zinakuonya kwamba picha zinaweza kuharibika. Unachagua ukijua. Umaskini wa kifaa unaweza kuhalalisha njia ya mkato. Hauwezi kuhalalisha kuificha. Nikijiambia kwamba niliandika zile insha kwa sababu ya kodi ya nyumba, ni kweli, kodi ilikuwepo. Ila kodi inaeleza kwa nini nilikata kona. Haielezi kwa nini nilichagua makosa ya sarufi.

Kwa hivyo nilichagua hivi. Njia: mkalimani wa kawaida, amri moja baada ya nyingine. NES ni ndogo. Ukiandika kwa lugha inayogeuzwa kuwa amri za prosesa moja kwa moja, hata laptopu yangu inaibeba bila karatasi za JIT. Kuchukua JIT hapa ingekuwa kukubali hatari ya mkalimani mjanja bila kuhitaji kasi yake. Ningekuwa naandika emuleta ya PSP, ningechagua vingine, na nisingeona aibu.

Lugha ilikuwa kati ya C na Rust, na hapa kitu kidogo sana ndicho kilichoamua. Rejista za 6502 ni za biti 8: 255 ukiongeza 1 unapata 0. Kwenye Python, 255 na 1 ni 256, kwa hivyo lazima ukumbuke kuikata mwenyewe kila mara, na siku utakayosahau hutaambiwa. Kwenye C, ukihifadhi jibu kwenye baiti linajizungusha lenyewe, kimya. Ni sawa kwa 6502, lakini msomaji wa msimbo hawezi kujua kama ulikusudia au ulibahatika. Rust, ukiwa kwenye hatua ya majaribio, inasimamisha programu papo hapo: hesabu imefurika. Ili iendelee lazima uandike, kwa jina, kwamba unataka izunguke. Unakiri. Mamia ya mara.

Inachosha. Na kwa memori ya gigabaiti 4, kusubiri kompaila ya Rust ni muda wa kwenda kibandani, kunywa chai na kurudi. Lakini mimi nimeandika kimya kwa miaka mitatu, na nilitaka lugha inayoniuliza.

Kuna faili ya majaribio ya NES inaitwa nestest. Huja na orodha ya mistari karibu 9,000 inayoonyesha kila rejista inapaswa kuwa na nini kabla ya kila amri. Unaendesha emuleta yako, unalinganisha mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza unaotofautiana ndipo uongo wako ulipo. Hakuna alama ya jumla, hakuna "umejaribu". Nilikwama mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa biti moja.

Kazi ya insha niliiacha, na mwezi wa kwanza nililala na deni la nyumba. Sina la kujisifu hapo. Yaliyoandikwa yameandikwa, na yule muuguzi siwezi kumpigia. Ndani ya mradi wangu kuna faili ya kawaida ambayo mtu yeyote akiipakua ataikuta juu kabisa. Inasema: sauti bado haipo. Amri zisizo rasmi za 6502 ziko baadhi tu. Picha inachorwa mstari kwa mstari, si nukta kwa nukta, kwa hivyo gemu inayobadilisha kitu katikati ya mstari itaonekana vibaya. Usijaribu kazi yako hapa pekee.

Nikipata kingine, ninaongeza.